AFYA YAKO: Funga Mwenyewe Kamba ya Kuruka

Leo tuzungumze juu ya kamba. Siyo kamba ya kufungia ng'ombe, wala ya kutekea maji kisimani. Ni kamba ya kuruka. Huenda utacheka. Utasema huo ni mchezo wa watoto wa kike shuleni. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku niliyopimwa shinikizo la damu.

Nakaa Kariakoo, Dar es Salaam, katika chumba cha ghorofa ya tatu. Kazi yangu ni ya kukaa kitini. Siku hiyo nilikwenda kliniki kwa sababu ya jino tu. Muuguzi akanifunga mkono, akapima, akanyamaza, akapima tena. Namba ya juu ilikuwa 158, ya chini 96. Sikuwa naumwa kichwa. Sikuwa na kizunguzungu. Nilijiona mzima kabisa.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa ugonjwa huu. Shinikizo la damu huingia bila kubisha hodi. Mtu mzima akipimwa kwa siku tofauti, na kila mara namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo ana shinikizo kubwa la damu. Lisipotunzwa huharibu moyo, figo na macho. Linaweza pia kupasua au kuziba mshipa wa damu katika ubongo. Ndipo tunasikia kwamba fulani kaamka asubuhi kapooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando. Majirani husema karogwa. Mara nyingi ni mshipa.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Maadui wa siku zile walikuwa malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Maadui hao bado wapo. Lakini sasa wameongezeka wengine, yaani shinikizo la damu na kisukari, nao hawaui kwa choo kibaya. Huua kwa chumvi nyingi, sukari nyingi, unene, sigara, pombe na kukaa bila kutoka jasho.

Wewe wa kijijini utasema: mimi nalima, jembe ni zoezi tosha. Ni kweli, wakati wa kulima. Je, miezi ya kiangazi? Na safari ya mnadani, je, bado unatembea kwa miguu, au unapanda bodaboda? Jiulize mwenyewe, mimi siko hapo.

Daktari alinipa masharti manne. Ninywe dawa kila siku. Nipunguze chumvi. Nipunguze uzito. Nifanye mazoezi. Hayo matatu ya kwanza niliyaweza. Mazoezi yalinishinda, kwa sababu Kariakoo haina mahali pa kukimbilia.

Mji huu ni wa mizigo tangu jina lake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kutoka mwaka 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lilichukua maelfu ya Waafrika walibebee chakula na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, maana yake kikosi cha wapagazi, na kambi yao hapa Dar es Salaam ilikuwa mahali hapa. Ndimi za wenyeji zikaligeuza jina, likawa Kariakoo. Hata leo ukishuka Mtaa wa Msimbazi utakutana na wachukuzi, mikokoteni, bajaji na mabasi ya mwendokasi. Ukisimama unasukumwa. Ukikimbia unadhaniwa mwizi.

Zamani nyumba nyingi za hapa zilikuwa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Uani ndiko watoto walikoruka kamba na wanawake walikosuka ukili. Nyingi ya nyumba hizo zimebomolewa, maghorofa yamepanda mahali pake. Ua umekwisha. Lakini mtu anayeruka kamba hahitaji ua mkubwa. Anahitaji nafasi ya hatua tatu kwa urefu na hatua mbili kwa upana, na dari isiyogusa kamba. Basi nikaamua kuruka.

Nikazunguka mitaa iliyo kando ya soko kuu, lile lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Nikanunua kamba ya plastiki yenye vishikio vya rangi. Ilikuwa nyembamba na nyepesi, na ilikuwa imekunjwa katika mfuko wake kwa muda mrefu. Nilipoirusha ilijikunja kama mjusi aliyekatwa mkia. Mara inabaki hewani nyuma ya kichwa, mara inanifunga miguu. Na kwa haraka yangu ya kutaka kupona, siku ya kwanza niliruka mara 200, juu ya sakafu ya saruji, miguu mitupu. Kesho yake goti lilivimba. Nikakaa wiki mbili bila kuruka hata mara moja.

Chini katika jengo letu anakaa bibi mmoja, mtu wa Kisiwa cha Mafia. Nilimkuta mlangoni anafunga mafundo ya kapu la kuning'iniza chungu cha maua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unachechemea?"

Nikamweleza. Akaitaka ile kamba, akaiweka katika kiganja, akaipima uzito. Akaniambia, "Hii haina tumbo. Kamba ya kuruka lazima iwe na tumbo."

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Tumbo la kamba ni ile sehemu ya katikati inayogonga ardhi. Sehemu hiyo ikiwa nzito kidogo, inavuta kamba nzima ikizunguka, na kamba inafanya duara zuri juu ya kichwa na chini ya miguu. Ikiwa nyepesi, kamba inalegea na kukuangusha. Tena sehemu hiyo hiyo ndiyo inayosagika kwanza, kwa sababu inagonga ardhi kila mara unaporuka. Dawa yake ni kulivika tumbo hilo nguo ya mafundo. Mafundo yanaongeza uzito na yanakinga kamba. Yakisagika, unayafungua na kufunga mengine, kamba yenyewe inabaki nzima. Kazi ya mafundo ya namna hii watu wa nchi za nje huiita makrame. Kwetu wavuvi na wasuka nyavu wana ndugu zake wengi.

Sasa tufanye kazi. Tafuta uzi mnene, unene wake kama nusu ya kalamu ya risasi. Uzi wa pamba ni laini na mafundo yake yanakaza vizuri. Uzi wa katani ni mzito, tena ni wa kwetu, lakini unakwaruza mikono na ukikuchapa mguuni utajua. Kamba ya manila haiozi kwa maji, ila inateleza na fundo lake hulegea. Mimi nilitumia pamba kwa kamba yangu na katani kwa kamba ya watoto wa jirani. Kama ungeniuliza, ningekuambia uanze na pamba.

Kwa mtu mzima nunua mita 22. Kama huna futi ya kupimia, mwili wako ni futi. Nyosha mikono yote miwili kando. Kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja mpaka ncha ya vidole vya mkono wa pili ni pima moja. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu ni dhiraa moja. Kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, ni shubiri moja. Wazee walinunua na kuuza nguo kwa vipimo hivi.

Kata nyuzi tatu, kila mmoja pima mbili na dhiraa moja. Hizi ni za kusuka. Kata uzi mmoja wa pima nne. Huu ni wa tumbo. Kata nyuzi mbili, kila mmoja pima moja. Hizi ni za mishiko. Kama kamba ni ya mtoto, pima kwa mwili wa mtoto mwenyewe, siyo kwa mwili wako.

Chukua zile nyuzi tatu za kusuka. Zifunge pamoja upande mmoja, uzitundike kwenye komeo la mlango au msumari. Zisuke kama unavyosuka nywele: wa kulia uje katikati, wa kushoto uje katikati, tena wa kulia, tena wa kushoto. Kaza kila mara kwa nguvu ileile. Ukikaza hapa na kulegeza pale, kamba itapinda. Ukifika mwisho, funga kwa muda.

Sasa pima urefu. Hapa watu wengi hukosea, basi nenda polepole. Simama wima, ukanyage katikati ya msuko kwa mguu mmoja. Vuta ncha mbili juu, kila moja upande wake. Zifike kwapani. Hapo kwapani weka alama kila upande, ufunge fundo kubwa lililokaza. Acha nyuzi za urefu wa vidole viwili nje ya fundo, zilizobaki kata. Kamba ndefu kupita hapo inajikokota chini. Kamba fupi inakufanya uiname na kuruka juu mno, na magoti ndiyo yanayolipa.

Baada ya hapo funga tumbo. Tafuta katikati ya kamba kwa kuikunja mara mbili. Kutoka katikati pima shubiri moja kushoto na shubiri moja kulia, uweke alama. Mafundo yataanza alama ya kwanza na kuishia alama ya pili. Kamba ining'inie mbele yako, imevutwa kidogo. Chukua ule uzi wa pima nne. Katikati yake ipitishe nyuma ya msuko penye alama, ili nusu moja itokee kushoto na nusu nyingine itokee kulia.

Fundo lina hatua mbili. Soma polepole, na uzi uwe mkononi.

Hatua ya kwanza: uzi wa kushoto upitishe mbele ya msuko kuelekea kulia. Utaacha kitanzi upande wa kushoto. Uzi wa kulia uulaze juu ya huo uzi uliokuja. Kisha huo wa kulia uupitishe nyuma ya msuko, uutokeze mbele ndani ya kitanzi cha kushoto. Vuta nyuzi zote mbili mpaka zibane.

Hatua ya pili ni ileile kwa upande wa pili: sasa anza na uzi wa kulia. Uupitishe mbele ya msuko kuelekea kushoto. Uzi wa kushoto uulaze juu yake, uupitishe nyuma ya msuko, uutokeze mbele ndani ya kitanzi cha kulia. Vuta. Hapo umepata fundo moja kamili. Limekaa bapa, halitazunguka.

Rudia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka alama ya pili. Ukisahau ulipofikia, angalia kazi yako. Mafundo yakianza kujipinda kama parafujo, ujue umeanza upande mmoja mara mbili. Fungua hatua moja, urekebishe. Ukifika mwisho, ncha mbili zilizobaki ziingize chini ya mafundo yaliyotangulia kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Kisha ukate zinazochomoza.

Mishiko ni rahisi zaidi, na hapo kosa la kujipinda ndilo tunalolitaka. Anza chini kidogo ya fundo kubwa la mwisho. Tumia uzi wa pima moja, ufunge kama ulivyofunga hatua ya kwanza, lakini kila mara anzia kushoto. Mafundo yatajizungusha kama ngazi ya mnara. Mshiko wa namna hiyo hauponyoki hata mkono ukitoa jasho. Urefu wake uwe upana wa kiganja chako na vidole viwili zaidi. Fundo kubwa linabaki nje ya kiganja, linazuia kamba isichomoke.

Kama umetumia manila, ncha zake huyeyushwa kwa moto ili zisifumuke. Kazi hiyo aifanye mtu mzima, nje ya nyumba. Moshi wake usiuvute, na tone lake linaloyeyuka usiliguse, linashika ngozi na kuunguza.

Mwenye mkonge mpakani mwa shamba lake hahitaji kununua uzi. Mmea huu ulikuja kwetu mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, Ujerumani, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo, mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za katani. Kisha nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaanguka. Kwa kamba moja, majani machache yanatosha. Yakate, yalaze juu ya ubao, yakwangue kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Zioshe, zianike juani, kisha zisokote juu ya paja juu ya kitambaa. Lakini jihadhari: maji ya mkonge huwasha ngozi, na miiba ya ncha inaweza kutoboa jicho. Kata miiba kwanza. Usimwachie mtoto kazi hii.

Kamba ikiwa tayari, usifanye kama nilivyofanya mimi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, pumu au magoti mabovu aende kwanza zahanati akaulize. Mama mjamzito asiruke, wala aliyejifungua karibuni. Kwao kutembea kwa miguu kunatosha kwa sasa. Mwenye kisukari asiruke miguu mitupu hata kidogo, maana huenda nyayo zake hazisikii maumivu, na kidonda kidogo kinaweza kumpotezea mguu.

Chagua mahali pa udongo uliosawazishwa, pasipo mawe. Kama una sakafu ya saruji tu, vaa viatu vya raba. Tembea kwanza dakika tano ili mwili upate joto. Kisha ruka polepole kwa sekunde 20, pumzika kwa sekunde 40. Rudia mara tano. Basi, kwa siku hiyo inatosha. Ruka chini chini, kamba ipite tu, usiruke kama unachuma embe. Tua kwa sehemu ya mbele ya mguu, magoti yakunjwe kidogo. Zungusha kwa vifundo vya mikono, viwiko vikae karibu na mbavu. Baada ya wiki mbili ongeza mizunguko miwili. Kifua kikikubana au kikiuma, au macho yakiona giza, acha mara moja, ukaonwe na mganga.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, angalau dakika 150 kwa wiki, au mazoezi ya nguvu angalau dakika 75. Kuruka kamba ni mazoezi ya nguvu. Dakika 75 kwa siku tano ni dakika 15 kwa siku. Usizifikie katika mwezi wa kwanza, mwili hauna haraka hiyo. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 wanahitaji dakika 60 kwa siku, na wao hawahitaji kuambiwa mara mbili ukiwapa kamba.

Ila kwa watoto kuna jambo la kuogopa. Kamba haivaliwi shingoni, hata kwa mzaha, wala mtoto hafungwi nayo akawa farasi. Wasirukie barabarani, wala juu ya dari la ghorofa lisilo na ukuta, kama wanavyofanya baadhi ya watoto wa huku kwetu kwa kukosa ua. Wakimaliza, itundikwe msumarini, juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Kutundika kuna faida ya pili. Kamba iliyorukwa sana hujisokota. Ikining'inia usiku kucha inajinyoosha yenyewe.

Mimi bado nakunywa dawa. Mwezi uliopita nilipopimwa nilikuwa na 136 kwa 84. Siwezi kukuambia ni kazi ya kamba peke yake, kwa maana chumvi nayo nimepunguza, na dawa sijaruka hata siku moja. Tumbo la kwanza la kamba yangu lilisagika baada ya miezi mitano. Nilimpelekea bibi anionyeshe namna ya kulifungua. Akanipa shazia, akaendelea na kapu lake.